Kuisafisha na kuitunza vepu ya kimakanika katika mji wa shaba

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniletea vepu yake, yaani sigara ya kielektroniki, ya shaba nyekundu ikiwa imeng'arishwa kiasi kwamba mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. "Papa fundi," aliniambia, "naisugua kila asubuhi kwa msasa mwembamba, lakini mvuke umekuwa hafifu, na kitufe kinanichoma kidole." Niliifungua mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Nje palikuwa na harusi, ndani palikuwa na matanga: hesi, yaani zile nyuzi zilizochongwa ili vipande vikazwe pamoja, zilikuwa zimejaa uji mweusi wa vumbi la shaba lililotokana na msasa wake mwenyewe, ukiwa umechanganyika na kimiminika kilichovuja kutoka juu. Alikuwa amesafisha kila mahali isipokuwa pale umeme unapopita.

Kifaa hiki kina umbo rahisi mno. Ni bomba la madini lenye betri moja ndani, kitufe upande wa chini na kivukizaji, yaani sehemu inayogeuza kimiminika kuwa mvuke, upande wa juu. Unapobonyeza kitufe, umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye koili, yaani waya uliozungushwa kuzunguka pamba iliyolowa kimiminika, na kurudi kupitia ukuta wa bomba lenyewe. Hakuna saketi yoyote inayopima joto, inayokata umeme pakitokea shoti au inayomwonya mtumiaji kwamba betri imeshuka mno. Kwa hiyo kazi yote ya ulinzi inabaki mikononi mwa mwenye kifaa, na ninayoyaandika hapa yanamhusu mtu mzima ambaye tayari anacho na anaifahamu hesabu ya umeme. Asiyevuta sigara hana sababu ya kukinunua, na anayeanza angetumia chenye saketi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya aina ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikijaa huwa na volti 4.2. Ukiiunganisha na koili yenye ukinzani wa omu 0.5, utapita mkondo wa ampea 8.4 na koili itapata wati 35 hivi. Sasa ongeza utando wa uchafu wenye ukinzani wa omu 0.05 tu, ambao ni sehemu ya kumi ya ukinzani wa koili. Mkondo unashuka hadi ampea 7.6, koili inapata wati 29, na karibu wati 3 zinageuka kuwa joto palepale penye uchafu. Wati 3 zikitawanyika kwenye bomba zima hutazihisi, lakini zikikusanyika kwenye springi nyembamba au kwenye ncha ya kitufe, ndizo zilizokuwa zikimchoma kidole yule kijana. Mvuke hafifu na kitufe cha moto vilikuwa ugonjwa mmoja.

Sisi wa Lubumbashi tuna bahati ya kuujua ugonjwa huu kwa macho. Lile jiwe la kijani la malakiti, ambalo wachongaji wetu hulitengenezea vikasha na mikufu, ni kabonati ya shaba. Utando wa kijani unaoota kwenye kifuniko cha vepu ni jamaa yake wa karibu, kwa maana shaba imekutana na hewa, unyevu na chumvi ya jasho la mkono. Kabla ya kijani huja rangi ya kahawia na kisha nyeusi, ambayo ni oksidi. Nje ya bomba, rangi hizo hazina madhara kwa umeme, na binafsi napenda bomba lililozeeka kama ile misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliitumia kama fedha. Ni kwenye nyuso zinazogusana, yaani hesi, ncha ya kitufe, kituo cha juu (kile kinachounganisha betri na kivukizaji) na ncha za betri, ndipo oksidi huzuia mkondo. Ukiwa na nusu saa tu ya kufanya kazi, itumie yote huko na uliache bomba lizeeke.

Anza kwa kukaza pete ya kufungia kitufe ili kisibonyezeke, kisha toa betri, na ndipo ufungue kivukizaji. Wengi huanza na kivukizaji huku betri ikiwa bado ndani, na wakati wanapokizungusha, kidole cha mkono wa pili kinabonyeza kitufe. Betri ikishatoka, iweke kwenye kikasha chake cha plastiki. Usiitie mfukoni hata kwa dakika moja. Hapa kwetu pesa ni noti na mifuko haina sarafu, lakini funguo tunazo, na ufunguo mmoja ukigusa kwa pamoja ncha ya chanya na ukingo wa hasi, ambavyo upande wa juu vimetenganishwa na pete nyembamba tu, utapata moto kwenye suruali.

Tandika kitambaa cheupe kisicho na nyuzi zinazong'oka, na uvipange vipande kwa mfuatano ule ule uliovitoa: kifuniko cha juu, bomba, mwili wa kitufe, springi au sumaku, ncha ya kupitishia umeme, na kihami. Kihami ni ile pete ndogo ya plastiki ngumu, nyeupe au nyeusi, inayotenganisha ncha ya katikati na mwili wa kifaa. Piga picha kwa simu kabla ya kukigusa, kwa kuwa vihami vingi vina upande wa juu na upande wa chini, na kikigeuzwa kinaweza kuruhusu madini mawili yagusane. Kama kitufe kinarudishwa na sumaku mbili zinazosukumana, tia alama ya kalamu kwenye uso wa kila moja. Ukirudisha moja kinyume, zitavutana, na kitufe kitabaki kimebonyezwa.

Hatua ya kwanza ya usafi ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, pamoja na mswaki laini ambao hautarudi tena mdomoni mwa mtu. Kimiminika cha vepu hutengenezwa kwa propilini glikoli na gliserini, na vyote viwili huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule unata huondoka bila dawa yoyote kali. Sugua hesi kwa kufuata mzunguko wake, upande wa ndani na wa nje, hadi povu liwe jeupe. Nikotini hupenya ngozini, basi vaa glavu ikiwa kivukizaji kimevuja sana, na usiifanye kazi hii kwenye beseni la kuoshea sahani za watoto. Wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, vumbi letu jekundu huingia kila mahali, na nimeona hesi ambazo zilihitaji kuoshwa mara tatu kabla maji hayajaacha kuwa na rangi ya matofali.

Majivu na mchanga, ambavyo mama zetu huving'arishia sufuria hadi zikawaka, viache jikoni. Huchora mikwaruzo kwenye hesi, na kila mkwaruzo huwa shimo la kuhifadhia uchafu mpya. Msasa na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria ni vibaya zaidi, kwa sababu huacha chembe za madini zinazopitisha umeme, na chembe moja iliyokwama juu ya kihami inatosha kuleta shoti.

Oksidi haisikii sabuni, kwa hiyo hapa ndipo ndimu inapoingia. Kamua ndimu mbili kwenye kikombe cha glasi, ongeza maji kiasi hicho hicho, na uvitumbukize vipande vya shaba nyekundu au shaba njano kwa dakika tano hadi kumi. Utaona weusi ukiyeyuka na rangi ya waridi ikitokea. Asidi ya sitriki huila oksidi upesi na huigusa shaba yenyewe kidogo sana. Siki yenye chumvi kidogo hufanya kazi hiyo hiyo kwa kasi zaidi, lakini mimi nimeiacha tangu siku niliposuuza kwa haraka nikaiacha chumvi kwenye hesi, na asubuhi yake kitufe kilikuwa kimeganda na ukuta wa ndani umeota kijani kama jani la mhogo. Kosa lilikuwa langu wala si la siki, lakini ndimu humsamehe mwenye haraka.

Si kila kipande kinastahili bafu hilo. Sumaku hupakwa nikeli nyembamba, ambayo ikichubuka sumaku hubomoka, kwa hiyo ifute tu kwa kitambaa chenye unyevu. Ncha zilizopakwa fedha zisitiwe asidi wala kusuguliwa, kwani utando wa fedha ni mwembamba mno na chini yake ni shaba tu. Springi ya chuma usiiweke kwenye kikombe kimoja na shaba. Asidi iliyokwisha kula oksidi imebeba shaba ndani yake, na chuma kikiingia humo, shaba hutoka majini na kukaa juu ya chuma kama rangi nyekundu. Wachimbaji wa zamani waliitumia tabia hiyo kuvuna shaba kutoka kwenye maji ya migodi kwa kuyamwagia vyuma chakavu, lakini kwenye springi yako itakuachia uchafu unaobanduka.

Ukitoa vipande kwenye ndimu, viweke mara moja kwenye maji yenye kijiko cha bikaboneti ili kuua asidi iliyobaki, kisha visuuze kwa maji safi mara mbili. Halafu vifute kwa alkoholi ya duka la dawa, ile ya asilimia 90, ukitumia kijiti cha pamba kwenye hesi na kwenye shimo la katikati. Alkoholi huyafukuza maji yaliyojificha na hukauka bila kuacha kitu. Hushika moto pia, basi ifanyie kazi mbali na mbabula, yaani jiko la makaa, na usikusanye kifaa mpaka harufu yake imetoweka kabisa. Viache vipande juani kwa saa mbili au tatu. Wakati wa masika, unyevu unapokuwa mwingi, mimi huviacha usiku kucha juu ya kitambaa, kwa kuwa tone moja chini ya kihami linaweza kukaa siku mbili bila kuonekana.

Vipande vikiwa vikavu, vikague kimoja kimoja kabla ya kuvirudisha. Kihami chenye doa la kuungua, ufa, au kilicholainika kimekwisha kazi yake, na kinapaswa kubadilishwa na kingine cha kipimo kile kile. Nimekuta kipande cha mfuko wa plastiki na hata utepe wa fundi umeme vikiwa vimewekwa mahali pa kihami. Vyote viwili huyeyuka kwa joto ambalo kihami halisi hulivumilia, na vikiyeyuka, chanya na hasi hukutana. Springi iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia au ya buluu imepita kwenye joto kali na imepoteza nguvu. Ukiibana mara kadhaa na isirudi urefu wake, itupe. Kisha angalia matundu ya kutolea hewa, ambayo kwa kawaida huwa chini karibu na kitufe, na uyazibue kwa kijiti cha meno. Betri ikiharibika hutoa gesi nyingi kwa nguvu, na bomba lisilo na njia ya kuitoa gesi hiyo halina tofauti na kombora. Mwaka 2018, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mtu mmoja aliuawa na vipande vya vepu iliyolipuka.

Hesi zilizo safi na kavu kabisa huanza kukwaruzana, hasa shaba kwa shaba. Zipake mafuta kidogo sana ya vaselini, kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa mzunguko mzima, na ufute yanayozidi. Vaselini haipitishi umeme, lakini kiasi hicho husukumwa pembeni madini yanapobanana, na kinachobaki huzuia unyevu. Kama unaweza kupata grisi maalumu ya viunganishi vya umeme, hiyo ni bora. Mafuta ya mawese, ya kupikia na ya injini hayafai, kwa kuwa huganda, hukusanya vumbi, na yakipata joto utavuta harufu yake.

Sasa tuje kwenye betri, ambayo ndiyo sehemu hatari kuliko zote na ndiyo inayosafishwa kidogo kuliko zote. Ncha zake zifute kwa kitambaa kikavu au chenye alkoholi kidogo, bila maji na bila msasa. Litazame ganda lake la plastiki kwenye mwanga. Ukuta mzima wa betri, hadi kwenye mabega ya juu, ni hasi, na ganda hilo peke yake ndilo linaloutenganisha na ncha ya chanya na madini mengine. Ganda lililochanika hata ukubwa wa punje ya mchele ni sababu ya kutoitumia betri hiyo mpaka ivalishwe ganda jipya, pamoja na ile pete nyeupe ya karatasi au plastiki inayokaa juu ya chanya. Betri iliyobonyea, iliyovimba au iliyowahi kuanguka vibaya haivalishwi chochote, inastaafu.

Kuhusu kununua, nitasema wazi yale niliyoyaona mezani kwangu. Betri nyingi zinazouzwa pamoja na tochi sokoni zina maandishi ya miliampea-saa 9900, na maandishi hayo ni uongo mtupu, kwa sababu betri nzuri za 18650 huwa na 3500 hivi. Nyingine zimetolewa kwenye kompyuta za zamani na kuvalishwa ganda jipya. Hata zikiwa halisi, zilitengenezwa kutoa mkondo mdogo kwa saa nyingi, wakati vepu inadai mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Kwa koili ya omu 0.5 inayodai ampea 8.4, tafuta betri ambayo mtengenezaji wake anakubali ampea 20 mfululizo, na uwe na hakika ya muuzaji. Inachekesha kidogo, na pia inauma, kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka kwenye ardhi hii, tena nyingi yake karibu na Kolwezi, halafu betri inaturudia sokoni ikiwa bandia.

Ichaji betri kwenye chaja yake, juu ya sakafu ya saruji au kigae, wakati uko macho. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo usiku wa manane, na chaja duni haipendi kishindo hicho. Multimita ya fundi, yaani kifaa cha kupimia umeme, ikisoma volti 4.2, betri imejaa. Ikikaribia 3.4, iondoe kwenye vepu na uichaji, usisubiri mvuke uishe, kwa kuwa kifaa hiki hakitakuzuia kuinyonya hadi iharibike.

Kivukizaji nitakipitia kwa ufupi, maana wengi wanakijua. Badilisha pamba inapokuwa ya kahawia, osha koili kwa maji, na ukague skrubu zinazobana miguu ya koili, kwani skrubu iliyolegea hubadilisha ukinzani kila unapobonyeza. Jambo moja tu nitalirudia hata kwa wazoefu. Uzi wa kukazia kivukizaji, ule unaoitwa 510, una kipenyo cha milimita 7, na katikati yake kuna ncha ya chanya. Kwenye vepu ambazo ncha hiyo hugusa betri moja kwa moja bila kituo cha juu, lazima ichomoze waziwazi kuliko ukingo wa uzi unaoizunguka. Ikiwa imelingana na ukingo, au imezama, ukingo ambao ni hasi utaigusa chanya ya betri, na hiyo ni shoti kamili isiyosubiri kitufe. Ipime kwa jicho na kwa ukucha kila baada ya kuosha, kwa sababu ncha nyingi hulegea zinaposuguliwa.

Unapokusanya, hesi ziingie kwa vidole viwili tu. Kikihitaji nguvu, kimeingia mshazari, kwa hiyo kirudishe nyuma mpaka usikie mlio mdogo, kisha uanze upya. Kabla ya kutia betri, weka multimita kwenye hali ya kupima mlio, gusa ncha ya katikati ya kituo cha juu na mwili wa bomba, bila kivukizaji, kitufe kikiwa kimefungwa na kisha kikiwa kimebonyezwa. Isilie hata mara moja. Baada ya hapo pima kivukizaji peke yake, na uhakikishe ukinzani wake ni ule uliokusudia. Betri ikishaingia, tikisa kifaa karibu na sikio. Ikicheza ndani, rekebisha kituo cha juu hadi inyamaze, kwa maana betri inayocheza hupiga cheche ndogo kila inapoguswa, na kila cheche huacha doa jeusi la oksidi mpya.

Kwa anayetumia kila siku, kufuta hesi na ncha mara moja kwa wiki kunatosha, na kufungua kila kitu mara moja kwa mwezi. Kiangazi kikipamba moto, punguza muda huo kwa nusu.

Bonyezo la kwanza lifanyike pamba ikiwa imelowa, kifaa kikiwa kimenyooshwa mbali na uso, matundu ya hewa yakielekea mahali pasipo na mtu. Bonyeza sekunde mbili, achia, usikilize kama kitufe kimerudi chenyewe. Bonyeza tena sekunde tatu, kisha weka kidole cha mkono mwingine kwenye kitufe, kwenye kiungo cha chini na kwenye kiungo cha juu. Vyote vitatu vinapaswa kuwa na joto la mkono wako tu. Kimojawapo kikiwa cha moto, uchafu umebaki hapo hapo unapogusa. Funga pete, toa betri, na urudi kwenye kiungo hicho na kijiti cha pamba.